Kachumbari ya embe na nanasi isiyogeuka supu

Andaa kachumbari ya embe, iache mezani, geuka ukamalizie kukaanga migebuka, wale samaki wa Ziwa Tanganyika. Ukirudi baada ya nusu saa, chini ya bakuli kuna maji ya rangi ya machungwa, na vipande vya juu vimelegea kama vimepitiwa na moto. Wengi husema embe lilikuwa bovu. Mara nyingi embe halina kosa: lilikatwa dogo mno kwa kisu butu, likatiwa chumvi mapema, likachanganywa na nanasi lililokuwa bado linatiririka. Karibu kila hatua iliyo hapa chini inapigana vita hiyo moja, kuyabakiza maji ya tunda ndani ya tunda mpaka yafike mdomoni.

Kachumbari hii ni ndugu wa ile ya nyanya na kitunguu tunayokula na pilau, ila nyanya imepisha matunda. Wamexico nao wana za kwao wanazoziita salsa, neno ambalo kwa Kihispania ni mchuzi tu. Kwa chakula cha Kigoma inakaa mahali pake bila kulazimishwa. Samaki aliyekaangwa kwa mawese na ugali wa muhogo ni chakula kizito, kinataka kitu chenye uchachu, ukali na ubaridi pembeni.

Vitu vya kuandaa

Vipimo hivi vinatosha watu 4 au 5. Kikombe ni cha mililita 250.

- Maembe 2 makubwa yaliyoanza kuiva. Yakishakatwa yajaze vikombe 2 (gramu 350 hivi)
- Nanasi bivu, robo. Likishakatwa, kikombe 1
- Kitunguu maji chekundu, nusu
- Pilipili hoho, nusu
- Pilipili mbuzi 1
- Ndimu 2 zenye maji, upate vijiko 3 vya chakula. Au limao 1 kubwa
- Chumvi laini, nusu kijiko cha chai
- Majani ya giligilani, fungu dogo

Hakuna sukari hapo, wala haikusahaulika. Ukiona kachumbari ya matunda inadai sukari, ulinunua matunda mabichi.

Sokoni

Maembe hujaa Kigoma na Tabora kuelekea mwisho wa mwaka, mvua zinapoanza. Huku hatujawahi kuwa wageni wa miembe. Ile mikongwe ya Ujiji na Tabora inafuata njia ya misafara ya zamani iliyotoka ziwani kwenda Bagamoyo. Tatizo ni lipi la kuchukua. Embe la kula kwa mkono na embe la kachumbari si embe moja. Lile linalokudondoka mpaka kwenye kiwiko ni tamu, lakini ukilikata vipande linakuwa uji. Unalitaka lililo nyuma yake kwa siku moja au mbili.

Kwenye meza za Soko la Mwanga muuzaji mzoefu ameshayapanga kichwani: ya leo, ya kesho, ya keshokutwa. Mwambie wazi.

"Mama, shikamoo. Naomba ya kesho, nakatia kachumbari."

"Marahaba. Haya, chukua haya, ila usiyabonyeze kwa dole gumba mwanangu, unayaua."

Na ana haki. Alama ya kidole haionekani siku hiyo. Kesho yake chini ya ganda panakuwa na doa la kahawia lililolainika. Livike embe kiganja kizima na ulikumbatie kidogo. Linalofaa linakubali kiasi, halizami. Kisha nusa karibu na kikonyo: harufu iwepo, iwe ya mbali. Rangi ya ganda isikudanganye, kwa sababu yapo maembe yanayoiva yakiwa na ganda la kijani. Dodo linafaa kwa kuwa lina nyama nyingi. Maembe madogo ya kienyeji yana ladha kubwa, lakini nyuzi zake huzunguka kisu na kutoa vipande vyenye ndevu. Hayo tengenezea juisi.

Ukipata magumu tu, yafunge kwenye gazeti pamoja na ndizi mbivu, uyaweke kabatini siku 2 au 3. Ndizi inapoiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo ndiyo inayoliamsha embe liive. Usiyatie kwenye friji kabla hayajaiva. Baridi huua kuiva kwenyewe, likitoka huko linabaki na nyama ya kijivu isiyo na ladha.

Nanasi lina tabia nyingine. Likishakatwa shambani, utamu wake umefika mwisho. Halina wanga wa kugeuza kuwa sukari kama embe au ndizi. Litalainika na kubadilika rangi, tamu zaidi haliwi. Kwa hiyo nunua lililoiva tayari: zito kuliko ukubwa wake na lenye harufu kwenye kitako. Harufu ikiwa kama ya pombe, limeshapita.

Ndimu chagua yenye ganda jembamba na laini. Zile ngumu zenye vinundu vingi zina ganda nene na matone machache.

Maji kabla ya kisu

Chakula hiki hakipiti motoni, hivyo hapa hakuna wa kukusafishia kosa lako. Osha kila kitu kabla ya kumenya, hata nanasi ambalo ganda lake utalitupa. Kisu kinachopita kwenye ganda chafu hubeba uchafu huo moja kwa moja mpaka kwenye nyama. Tumia maji yaliyochemka yakatokota, kisha yakapoa kwenye chombo chenye mfuniko, au yaliyotiwa dawa ya kutibu maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Majani ya giligilani ndiyo yenye mchanga na wadudu; yazamishe kwenye bakuli la maji, yatikise, yatoe kwa mkono, mwaga maji, rudia mpaka chini pasibaki chembe.

Wapo wanaoamini kwamba ndimu inaua kila kidudu. Uchachu hupunguza baadhi ya vijidudu, lakini hauwezi kufanya kazi ya kuosha. Kipindupindu si habari ya mbali kwa watu wa mwambao huu wa Ziwa Tanganyika: mwaka 2015 kilizuka Kagunga, kijiji cha mpakani, wakimbizi kutoka Burundi walipofurika pale.

Ubao uliokatia samaki mbichi usikatie matunda mpaka uoshwe kwa sabuni na maji ya moto. Ukiwa na mbao mbili, maisha yanakuwa mepesi.

Kukata

Kisu kwanza. Kikali hupasua, butu huponda, na kila sehemu iliyopondwa ni maji yaliyoachiwa. Kijaribu kwenye ganda la nyanya: likikatika bila kusukumwa, endelea. Likibonyea kwanza, geuza kikombe cha udongo kichwa chini na unoe kisu kwenye ile duara ya kitako isiyong'aa, mara kumi kila upande, kisha kioshe.

Embe lina kokwa bapa. Lisimamishe kikonyo kikiwa juu, upande mwembamba ukutazame, shusha kisu umbali wa upana wa kidole kutoka katikati. Utapata shavu moja. Geuza utoe la pili. Usimenye. Shika shavu kiganjani, nyama ikiwa juu, chora mistari ya kwenda na ya kukatiza, umbali wa sentimita 1, bila kutoboa ganda. Chota vipande kwa kijiko ukiwa umekilaza kando ya ganda. Namna hii hulibinyi embe kwa vidole kama unavyolibinya lililomenywa, ambalo huteleza na kutaka kukabwa. Nyama iliyobaki kwenye kokwa ni ya mpishi.

Utomvu unaotoka kwenye kikonyo ufute mapema. Kuna watu huwawasha na kuwatoa vipele mdomoni, wakadhani embe lenyewe ndilo linalowadhuru.

Kwa nini sentimita 1 na si nusu? Kipande kikiwa kidogo, sehemu iliyokatwa inakuwa kubwa kuliko sehemu iliyo salama ndani, na maji hutokea pale palipokatwa. Lakini ukivuka sentimita 1 na nusu unaanza kula saladi ya matunda.

Nanasi limenye, toa macho yote, likate mapande manne ya urefu. Chukua pande moja, utoe moyo ule mgumu wa katikati, kisha vipande vya nusu sentimita, vidogo kuliko vya embe, kwa kuwa nyama yake ni ngumu na uchachu wake ukija kwa tonge kubwa unafunika vingine. Viweke kwenye chujio juu ya bakuli, dakika 10, bila kukamua. Maji yatakayochuruzika yanaweza kufika robo kikombe. Huo ndio mchuzi ambao ungeukuta chini ya kachumbari.

Hoho toa mbegu na utando, kata ndogo kama punje za mahindi. Kitunguu kata kidogo zaidi.

Pilipili mbuzi ina ukali na harufu yake nzuri inayofanana na ya matunda, ndiyo maana inaizidi pilipili kichaa katika kazi hii. Ukali mwingi haupo kwenye mbegu kama inavyosemwa. Upo kwenye utando mweupe unaozishika. Ukitaka harufu bila moto, utoe utando wote kwa ncha ya kisu. Kapsaisini, kitu kinachochoma, haiyeyuki kwenye maji. Ndiyo sababu ukinawa kwa maji matupu kisha ukagusa jicho, utalia. Paka vidole mafuta ya kula, sugua, kisha nawa kwa sabuni.

Kuchanganya, kwa mpangilio huu

Anza na kitunguu peke yake. Kitie kwenye bakuli utakalopakulia, ongeza maji yote ya ndimu na nusu ya chumvi, koroga, kiache dakika 10. Hapa ukali wa kitunguu unapungua, na kile chekundu kinageuka waridi ya kung'aa, kwa sababu rangi yake ya asili huwaka ikikutana na tindikali. Ile njia ya kukisugua kwa chumvi nyingi na kukisuuza ni nzuri kwa kachumbari ya nyanya, lakini hapa unamwaga ladha uliyoihitaji.

Kisha tia hoho na pilipili mbuzi iliyokatwa nyembamba, nusu yake kwanza. Koroga. Tia nanasi lililochujwa. Onja kabla embe halijaingia: iwe kali na chachu kuliko unavyotaka, maana embe litaituliza.

Sasa embe. Kuanzia hapa hakuna kukoroga. Pitisha mwiko chini kabisa, uinue, ugeuze, mara tano au sita zinatosha. Nyunyiza majani ya giligilani uliyokata muda huohuo, mashina membamba yakiwemo kwa sababu yana harufu kuliko majani. Chumvi iliyobaki itie mwisho kabisa, dakika 10 kabla ya kula. Chumvi huvuta maji kutoka kwenye tunda lililokatwa, na haisubiri. Ikikaa dakika 10 inaamsha ladha. Ikikaa saa nzima inatengeneza ile supu.

Mafuta si lazima. Ukipenda, kijiko 1 cha chai cha alizeti. Mawese yaache kwenye kikaango: yakipoa yanaganda, na ladha yake ni bwana mkubwa asiyekaa na wengine.

Kuonja na kurekebisha

Vipimo vinakufikisha mlangoni tu, maana hakuna ndimu mbili zinazofanana. Onja kwa kipande cha kile utakachokula nacho, samaki au ugali, badala ya ncha ya kijiko. Kachumbari iliyo sawa ikionjwa peke yake huonekana haina chumvi ikifika kwenye ugali.

Tamu kupita kiasi, haina uchangamfu: ongeza chumvi kidogo kwanza, onja, ndipo ndimu. Watu hukimbilia ndimu na kuishia na kitu kitamu na kichachu kwa pamoja.

Chachu mno: ongeza embe bivu zaidi kama lipo. Kama halipo, nusu kijiko cha chai cha asali. Asali ya Tabora, ile ya misitu ya miombo, ina ladha nzito inayopatana na embe, lakini usizidishe; asali nayo huvuta maji kama sukari.

Inachoma mno: usiongeze maji wala ndimu. Kata parachichi vipande, changanya. Mafuta yake huubeba ukali ule. Nusu parachichi inatosha bakuli hili. Litie dakika za mwisho, maana likikaa hewani huwa jeusi hata kama ndimu hulichelewesha.

Ina uchungu kwa mbali: umekamua ndimu mpaka ukaliponda ganda, au mbegu zimeingia ukazikata kwa mwiko. Uchungu hautoki. Wakati mwingine, kata ndimu kando ya moyo wake, kamua kwa mkono, acha tone la mwisho liende zake.

Imeshajaa maji: ichuje yote. Maji yale yatie kwenye sufuria ndogo, yachemshe mpaka yabaki theluthi, yapoe kabisa, uyarudishe. Yanakuwa mazito na hayateremki chini. Au yanywe na uendelee na siku yako. Vipande vilivyolegea, kwa kweli, havirudi kuwa vigumu.

Na samaki, tahadhari moja

Nanasi lisilopikwa lina bromelaini, kimeng'enya kinachovunja protini. Ndicho kinachoufanya ulimi uwashe ukila nanasi nyingi. Kachumbari hii ukiimwaga juu ya mgebuka ukauacha unasubiri wageni, nyama ya juu inaanza kuwa kama imetafunwa, na ngozi uliyoihangaikia iwe kavu inalowa. Pakua pembeni, kila mtu ajichotee. Kwa sababu hiyohiyo usimloweke samaki kwenye nanasi lisilopikwa usiku mzima kwa nia ya kumkolezea. Ataanguka vipande kabla ya kufika kwenye wavu wa kuchomea. Nanasi lililopikwa halina tabia hiyo, moto huua kimeng'enya.

Dagaa wa kukaanga ndio wanaoipenda zaidi, kwa maoni yetu. Wakaange wakauke mpaka walie mdomoni, kachumbari iwe ya baridi, ugali wa muhogo uwe wa moto. Maharage nayo hayakatai.

Kuhifadhi

Ifunike kwa kawa au mfuniko tangu mwanzo. Nzi hawahitaji mwaliko. Mezani isizidi saa 2, na siku ya joto kali iwe saa 1. Kwenye friji inakaa siku 2 ndani ya chombo kinachofunga, ingawa siku ya pili kitunguu kinakuwa kimetawala bakuli. Ukijua utabakiza, tenga sehemu yako kabla ya kutia giligilani na ile chumvi ya mwisho.

Usiifungie kwenye chupa ukaiweka kabatini kama achari. Embe, kitunguu na hoho vikichanganywa, uchachu wake haujulikani kwa kuonja, na chupa iliyozibwa bila hewa na bila tindikali ya kutosha ni makazi ya bakteria wa botulizimu, ambao sumu yao haina lazima ya kunuka.

Ukipika ya watu wengi, au msimu ukipita

Kwa watu 20 zidisha matunda, kitunguu na hoho mara 4. Chumvi na pilipili usizizidishe hivyo. Anza na mara 2 na nusu, onja, panda polepole. Gawa kwenye mabakuli mawili au matatu badala ya beseni moja, la sivyo uzito wa juu utaponda vya chini. Kitunguu kilichokaa kwenye ndimu na nanasi lililochujwa vinaweza kuandaliwa asubuhi na kukaa kwenye friji. Embe likatwe wageni wakishaanza kuingia.

Maembe yakiisha, papai lililoanza kupata rangi linafuata kwa karibu. Halina uchachu wake, hivyo fikisha ndimu 3, na likwangue ute unaoshika mbegu kwa sababu unateleza na kuleta uchungu. Tikiti maji linawezekana kama umetoa sehemu ya katikati yenye maji mengi ukatumia ile ngumu iliyo karibu na ganda, na mnanaa badala ya giligilani. Nanasi na tango, nusu kwa nusu, ni la mwaka mzima: tango lipasue katikati, kwangua mbegu kwa kijiko, kisha litie chumvi na ulichuje pamoja na nanasi, dakika 15. Punje za pasheni moja zikimwagwa juu zinatoa ule uchachu ambao embe lingeuleta.